Kinga ya Ubavu wa Gari: Iwe Imara, Iwe Wazi, Isimdhuru Mtu

Katika wilaya za mpakani magharibi mwa Uganda, kuanzia Bundibugyo na Kasese hadi Kisoro, gari la kupanda milima si anasa. Ndilo linalomfikisha mgonjwa hospitalini, ndilo linaloshusha kahawa na viazi hadi sokoni. Barabara kuu ziendazo Mpondwe na Bunagana zimetiwa lami, lakini anayeziacha na kushika njia ya kijijini hukutana na mawe mara moja. Kisoro kuna mawe ya volkano yenye makali. Chini ya milima ya Rwenzori mito hushusha mawe makubwa wakati wa mafuriko, kama mto Nyamwamba ulivyofanya mwezi Mei 2013 na tena Mei 2020. Mvua zinapochimba mifereji njiani, sehemu ya gari inayoumia mapema ni bati lililo chini ya milango.

Kwa sababu hiyo wenye magari wengi huwaendea mafundi wa kuchomelea vyuma ili watengenezewe kinga: bomba nene la chuma linalofungwa kila upande, chini ya milango, ili jiwe likutane na chuma kabla ya kulifikia bati. Ni jambo la busara. Hata hivyo, kinga iliyotengenezwa vibaya huharibu gari ililokusudiwa kulilinda, huwajeruhi wapita njia, na huweza kumsimamisha mwenye gari mpakani kwa saa nyingi akijibu maswali ambayo angeyaepuka. Makala haya yanaeleza namna ya kuyakwepa yote matatu.

Kinachokingwa

Bati la chini ya milango ni boksi refu lililo tupu ndani, linaloanzia nyuma ya gurudumu la mbele na kuishia mbele ya gurudumu la nyuma. Likigongwa na kubonyea, mlango hukataa kufunga au kufunguka vizuri. Rangi ikipasuka, maji na matope huingia, na kutu hulila bati kutoka ndani kabla mwenyewe hajaiona nje.

Ni muhimu kutofautisha aina mbili za magari. Aina ya kwanza ina chasisi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na bodi huwekwa juu yake, mara nyingi ikitenganishwa na raba. Land Cruiser za mfululizo wa 70, Hilux na Land Rover Defender za zamani ni za jamii hii. Aina ya pili haina chasisi ya peke yake; bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na boksi la chini ya milango ni sehemu ya uti wa mgongo wa gari. RAV4 na magari mengi madogo yamo katika jamii hii. Kinga inayoelezwa hapa ni ya aina ya kwanza tu. Kuchomelea bomba kwenye bati la gari la aina ya pili ni kulipelekea pigo la jiwe moja kwa moja, na boksi linalosaidia kuwalinda abiria gari likigongwa ubavuni huweza kupinda.

Mzigo uende kwenye chasisi

Kanuni ya kwanza ni kwamba kinga ishikwe na chasisi peke yake. Bodi hucheza juu ya raba zake gari linapopita kwenye mashimo, nayo chasisi hujipinda kidogo. Kinga ikifungwa kwenye chasisi na papo hapo kwenye bodi, itavutwa huku na huku mpaka kitu kimoja kipasuke. Kati ya bomba na bati iachwe nafasi ya milimita 20 hivi, ili bomba likisukumwa juu lisiliguse bati.

Kila upande uwe na miguu mitatu au zaidi inayotoka kwenye chasisi. Kila mguu uchomelewe kwenye bamba la chuma lenye unene wa milimita 6 hivi, nalo bamba ndilo lifungwe kwenye chasisi, ili nguvu isambae badala ya kukusanyika mahali pamoja. Kulifunga bamba kwa bolti ni bora kuliko kulichomelea, kwani joto la kuchomelea hubadilisha nguvu ya chuma cha chasisi, na mshono unaokata mhimili kwa upana huwa chanzo cha ufa. Isitoshe, kinga ya bolti hufunguka, iwe kwa matengenezo, iwe kwa ukaguzi.

Fundi atoboe ubavu wa mhimili tu, asiguse sehemu yake ya juu wala ya chini, kwani huko ndiko nguvu za kupinda zinakohisiwa zaidi. Mhimili ulio boksi uwekewe ndani kipande cha bomba dogo ambamo bolti itapita, la sivyo kukaza nati kutaliponda boksi. Asiyetaka kutoboa anaweza kutumia bolti zenye umbo la herufi U, kama zile zinazofunga springi za nyuma. Kabla ya lolote kati ya hayo, mabomba ya breki, mabomba ya mafuta na nyaya zinazopita kando ya chasisi zitafutwe na kusogezwa. Breki iliyobanwa na bamba haitoi onyo mapema.

Chuma na uchomeleaji

Bomba jembamba la kutengenezea dirisha au kitanda halifai; litajikunja kwenye jiwe la kwanza na kulisukuma bati ndani. Bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, lenye unene wa milimita 3 au zaidi, hupatikana madukani na hufanya kazi vizuri. Lina uzito wa zaidi ya kilo 4 kwa kila mita. Kinga ya pande zote mbili, pamoja na miguu yake, inaweza kutumia mita 9 au 10, yaani kilo 40 hivi kabla ya kuhesabu mabamba. Uzito huo upunguzwe katika shehena ya kila safari.

Bomba la maji lililopakwa zinki lisichomelewe kabla ya kusagwa zinki yake, kwa maana moshi wa zinki humletea fundi homa na maumivu ya kifua. Ikiwa ni lazima kuchomelea kitu kikiwa garini, waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza, waya wa kurudishia umeme wa mashine ubanwe karibu na mshono, na pasichomelewe karibu na tangi la mafuta. Mtu wa pili asimame karibu na mchanga au kizimamoto.

Bomba lililozibwa

Hapa ndipo kazi ya fundi inapokutana na kazi ya polisi na forodha. Wasafirishaji wa magendo hutumia nafasi zilizo tupu ndani ya gari: matangi yaliyogawanywa, sakafu za uongo, na mabomba yaliyozibwa. Ofisa anayekagua gari mpakani anapoona mabomba mawili manene, mapya, yaliyochomelewa ncha zote na kupakwa rangi juu ya mshono, ni wajibu wake kuuliza kuna nini ndani. Swali hilo si tuhuma. Lakini ikiwa hakuna njia ya kulijibu isipokuwa kukata chuma, mwenye gari, abiria wake na mzigo wake watasubiri.

Mafundi huziba ncha kwa nia njema, ili maji yasiingie. Dawa yake ni rahisi. Ncha ya kila bomba ifunikwe kwa kifuniko cha bolti mbili au kizibo cha raba kinachochomoka kwa mkono, na upande wa chini patobolewe tundu dogo la kutolea maji. Hivyo bomba halitaoza, na kurunzi ya mkaguzi itaona mwisho wake kwa dakika moja. Matundu hayo yana faida nyingine: hewa na unyevu vilivyofungiwa ndani ya chuma hupanuka kwa joto, na fundi atakayechomelea bomba lililozibwa siku za usoni anaweza kurushiwa chuma cha moto usoni.

Jambo la pili ni namba ya chasisi. Katika magari mengi ya aina hii imegongwa ubavuni mwa mhimili, mara nyingi karibu na gurudumu la mbele. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha gari. Bamba la kinga lisiifunike, mashine ya kusagia isiiguse, wala rangi nzito isipakwe juu yake. Namba iliyokwaruzwa huwa alama ya gari la wizi, na mwenye gari halali anaweza kujikuta akithibitisha umiliki wake mbali na nyumbani. Ni vyema kuiandika na kuipiga picha kabla ya fundi kuanza, na kutunza stakabadhi ya kazi pamoja na hati za gari.

Watu walio kando ya barabara

Njia za mpakani zina watu wengi wa miguu, baiskeli na bodaboda, hasa siku za soko. Kinga isitokeze nje kupita upana wa gari. Ncha zake zipindwe kuelekea ndani na kulainishwa, kwani bomba lililokatwa na kuachwa wazi kwa makali hukata mguu wa mtoto kama panga. Asifikiri mtu kwamba upande wa dereva hauna haja ya uangalifu huo. Uganda huendesha kushoto, Kongo huendesha kulia. Gari likivuka kutoka Mpondwe kuingia Kasindi, ubavu uliokuwa katikati ya barabara sasa ndio unaopita kando ya watu. Pande zote mbili ziwe salama.

Vilevile kinga si kiti wala ngazi ya abiria. Ubapa wake huwavutia vijana kusimama juu yake wakishikilia dirisha. Gari likiegemea kwenye jiwe, mahali aliposimama mtu huyo ndipo jiwe linapopita. Dereva anayeliruhusu hilo hawezi kusema hakujua.

Jaribio kabla ya safari

Kazi ikikamilika, isipokewe kwa macho tu. Gari lisimamishwe mahali pa tambarare, magurudumu yawekewe vigingi, kisha jeki iwekwe chini ya kinga, katikati, na kuinua upande huo hadi gurudumu moja liache ardhi. Mtu yeyote asiingie chini. Kinga iliyo sahihi haitagusa bati, na milango itafunguka na kufungika kama kawaida. Gari likishushwa, kila mshono uangaliwe kama una ufa, kila nati ikazwe, na breki zijaribiwe mahali pasipo na watu. Baada ya safari chache za kwanza nati zikazwe tena, maana chuma kipya hukaa mahali pake polepole.

Mwenye gari anayekusudia kuvuka mpaka na asiye na hakika kama marekebisho yake yanahitaji kuandikwa katika hati za gari, afike kituo cha polisi kilicho karibu naye aulize kabla ya kuanza safari. Mafundi nao wanaombwa wakatae kazi ya kuziba bomba mteja asiyetaka kueleza sababu, na watoe taarifa wanapoona nafasi za siri zikitengenezwa garini. Mpaka unaopitika kwa amani huwafaa wakulima, wafanyabiashara na wagonjwa wa pande zote mbili, na kinga nzuri ya gari ni ile ambayo mwenyewe anaweza kuifungua mbele ya mtu yeyote bila wasiwasi.