Dili ya mchanga wa barabara kuu? Leseni kwanza, lori baadaye

Kama unaishi Komarock, malori ya mchanga si wageni kwako. Simama asubuhi karibu na K-Mall ukingoja mathree, utayaona kwenye Kangundo Road yakitoka upande wa Machakos, mengine bado yanadondosha maji. Pengine ushawahi kujiuliza: watu huingiaje hii biashara?

Tuseme dili imekujia. Binamu yako anakupigia kutoka Ukambani. Kuna mwanakandarasi wa barabara kuu anataka mchanga, lori baada ya lori, na mto uko hapo tu chini ya shamba la shosho. Wewe tafuta pesa ya kukodi lori. Rahisi, sivyo?

Tulia kidogo. Mito mingi ya Ukambani hutiririka msimu wa mvua pekee. Miezi mingine maji hujificha ndani ya mchanga. Kina mama hufukua, wanachota, wanarudi nyumbani. Mchanga ndio tangi lao. Ukiukomba mpaka kwenye mwamba, mvua ikinyesha maji yanapita mbio na mto unabaki mkavu. Shosho anaanza kutembea mbali na mtungi wake.

Ndiyo maana mchanga umezua vita. Makueni watu wameuana kwa sababu yake, na mwaka wa 2015 kaunti hiyo ikapitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia.

Na njaa ya mchanga haiishi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake yako hapa Gigiri, lilisema mwaka wa 2022 kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na changarawe kila mwaka. Ukipita chini ya Expressway, kilomita 27 za zege kutoka Mlolongo hadi Westlands, kumbuka mchanga wake ulichimbwa mahali fulani.

Sasa, unafanyaje?

Usidanganywe kwamba mradi ni wa serikali kwa hivyo karatasi zishamalizwa. Leseni ya barabara si leseni ya mto. Mahali unapochimba panahitaji idhini yake.

Anza na kaunti na wenyeji. Uliza kama eneo hilo limetengwa kwa uchimbaji. Kisha tafuta mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, akufanyie tathmini ya athari za mazingira. Huwezi kujiandikia ripoti hiyo mwenyewe, wala kumpa rafiki yako mwenye laptopu.

Mtaalamu ataangalia mchanga ni kiasi gani, utabaki kiasi gani, malori yatapita wapi, na nani hutegemea maji hayo. Mwongozo wa kitaifa wa uvunaji mchanga, wa mwaka wa 2007, unataka ukae angalau mita 100 kutoka kwa daraja au barabara. Ukichimba chini ya daraja ili ujenge barabara, umefanya kazi ya bure.

Athari zikiwa kubwa, NEMA hutangaza ripoti kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na magazetini, na kwa kawaida umma hupewa siku 30 kutoa maoni. Ukipata leseni, huja na masharti, na baadaye utakaguliwa. Ukichimba bila leseni, unahatarisha faini au jela, na hakuna mwanakandarasi atakayekuja kukutoa.

Wenyeji si pambo

Usiite baraza la watu kumi, wapige picha, wanywe soda, halafu uandike kwamba "jamii imekubali". Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kama mradi mkubwa hivyo uliangushwa, lori lako moja la kukodi ni nani?

Na wewe ambaye huna dili yoyote, hili bado ni lako. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi na salama. Ukiona tangazo la NEMA gazetini kuhusu mto wa kwenu, usifunge ukurasa. Andika maoni, hata aya mbili. Leseni ikitolewa na hukuridhika, una siku 60 za kukata rufaa kwa jopo hilo.

Kwa hivyo binamu akipiga tena, muulize: Eneo limeruhusiwa? Leseni ni ya nani? Shosho huchota maji wapi?

Akikwama kwa hilo la tatu, usikodi lori bado. Panda matatu ya Tala, nenda umuulize shosho mwenyewe.