Bundi Mkononi mwa Mwalimu

Katika vijiji vinavyoizunguka Ushirombo, mji mkuu wa wilaya ya Bukombe, wilaya ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga na sasa imo katika mkoa wa Geita, bundi akilia usiku juu ya paa hupigwa mawe bila ya kuulizwa haja yake. Na penye mgonjwa ndani au ng'ombe aliyekufa ghafla, kilio hicho huweza kumwelekezea kidole ajuza anayeishi peke yake nyumba ya pili. Jambo hili si dogo. Kwa miaka mingi, katika nchi ya Wasukuma na Wasumbwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi ambazo ushahidi wake haukuwa zaidi ya macho mekundu, ilhali wekundu huo aghalabu ni adha ya moshi wa jikoni. Basi anayesimama kumtetea bundi katika sehemu hizi hamtetei ndege peke yake.

Lakini utetezi wa maneno haufiki mbali. Itikadi iliyoingia moyoni tangu utotoni, kwa sauti ya bibi na katika giza la usiku, haitolewi kwa hotuba ya ofisa wala kwa picha iliyobandikwa ukutani. Kinachoweza kuitikisa ni kumwona ndege mwenyewe, mchana kweupe, ametulia juu ya mkono wa mtu asiyedhurika, akijisafisha manyoya kama kuku. Hii ndiyo elimu inayotolewa kwa kuwatumia ndege walao nyama waliofugwa, na katika Afrika ya Mashariki mahali inapojulikana zaidi ni Kenya, ambako shirika liitwalo Kenya Bird of Prey Trust lina vituo Naivasha na Soysambu, karibu na ziwa Elementaita, na ambako majina ya Simon Thomsett na Shiv Kapila yameshikamana na kazi ya kuwatibu tai, kozi, bundi na tumbusi.

Kituo cha namna hiyo ni hospitali kabla ya kuwa shule. Ndege huletwa wakiwa wameungua kwa nyaya za umeme, wamegongwa na magari, wamelishwa sumu au wamevunjwa bawa kwa jiwe. Anayepona hurudishwa porini, na hiyo ndiyo haki yake ya kwanza. Lakini wako wasioweza kurudi: mwenye bawa lisilonyooka tena, aliyepofuka jicho moja, na yule aliyeokotwa akiwa kinda, akalelewa kwa mkono wa binadamu hata akamdhani binadamu kuwa ndiye mzazi wake na jamaa yake, asijue kuwinda wala kumtambua mwenziwe. Katika hawa ndimo huchaguliwa mwalimu. Mimi sioni heshima yoyote katika kumtoa ndege mzima kiotani ili apigwe picha na wapita njia kwa malipo. Kifungo cha ndege hupata udhuru pale tu ambapo uhuru ungekuwa mauti yake.

Na malezi yake yana kanuni. Kila asubuhi hupandishwa juu ya mizani, kwa sababu uzito ndio ulimi wake: ukipungua bila ya sababu, kuna maradhi, ukizidi, hana hamu ya kumsikiliza mlezi wala kumwendea. Chakula chake hakiwezi kuwa minofu mitupu ya buchani. Anahitaji mnyama mzima, panya au kifaranga, pamoja na mifupa na manyoya yake, la sivyo mifupa yake mwenyewe hulegea. Kijiti anachotulia juu yake hutakiwa kiwe na unene usio sawa na kifunikwe kwa mkeka au nyasi bandia, maana anayesimama siku zote juu ya mti laini wa unene mmoja huota vidonda vya nyayo ambavyo mwisho wake huweza kuwa kifo. Miguuni huvalishwa vigwe vya ngozi, na mlezi huvaa glavu nene ya ngozi. Ufundi huu haukuzaliwa leo. Umerithiwa kwa wawindaji wanaowinda kwa kozi, ambao wenyeji wa pwani yetu wenye ndugu Oman na nchi za Ghuba wanazijua habari zao, na ambao urithi wao uliandikwa na UNESCO mwaka 2010. Huko Abu Dhabi, tangu mwaka 1999, kozi wana hospitali yao wenyewe.

Somo lenyewe huanza kwa kunyamaza. Watoto hukaa chini, mbali kidogo, wala hawaruhusiwi kumpapasa ndege. Mlezi humgeuza bundi taratibu ili waone kwamba macho yale makubwa hayazunguki ndani ya kichwa, ndiyo sababu shingo imepewa uwezo wa kugeuka nyuzi 270. Kwamba yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo ana masikio mawili yasiyolingana kimo, moja juu kuliko jingine, ili sauti ya panya nyasini ipimwe mahali ilipo hata penye giza totoro. Na kwamba ukingo wa manyoya ya bawa lake una meno madogo kama ya chanuo, yanayoupasua upepo bila ya mshindo. Kitu kinachomtisha mwanakijiji, yaani huyu mgeni anayetokea ghafla bila ya kusikika, kumbe ni umbo la mwindaji. Mlezi hodari naye humtazama ndege wake kuliko anavyowatazama wasikilizaji, na akimwona amefungua mdomo na kushusha mabawa, humrudisha kivulini, hata kama mgeni wa heshima hajawasili.

Kisha hufuata sehemu niipendayo kupita zote. Bundi humeza windo lake zima, na baada ya saa kadhaa hutapika kitonge kikavu cha manyoya na mifupa. Mwanafunzi hupewa kitonge kimoja na vijiti viwili akichambue: hutoka fuvu lenye meno ya mbele ya rangi ya chungwa, taya, mbavu nyembamba kama uzi, na pengine fuvu la pili na la tatu, kwa sababu bundi huyo huweza kula panya watatu au wanne kwa usiku mmoja. Kwa mtoto wa mkulima wa mahindi hesabu hiyo haihitaji mfasiri. Panya shamba, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemchunguza kwa miaka mingi, hufukua mbegu hata kabla haijachipua, na mvua ikiwa nzuri huzaana kupita kiasi. Anayemuua bundi huwa amemfukuza mlinzi wa ghala yake.

Tumbusi naye anastahili mwalimu wake, maana maafa yake ni makubwa zaidi. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na mwaka 2019, nchini Botswana, ndege 537 walikufa kwa sumu iliyotiwa katika mizoga ya tembo watatu. Jangili huwaua kwa kusudi, kwa kuwa kuzunguka kwao angani huwaonyesha askari wa wanyamapori penye mzoga. Mfugaji huwaua bila ya kukusudia, anapoutilia sumu mzoga wa ng'ombe ili amlipizie fisi au simba. Kwa wafugaji wa Bukombe, wanaopakana na pori la Kigosi, habari hii si ya mbali. Nchini India tumbusi walikwisha karibu wote kwa dawa ya mifugo iitwayo diklofenaki, mizoga ikakosa wa kuila, na mbwa wa mitaani wakaongezeka.

Mwenye nia ya kuanzisha kazi hii Ushirombo asianze kwa kupanda mtini kutafuta makinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila ya leseni, na ni vyema iwe hivyo. Fauka ya kibali hutakiwa tabibu wa mifugo aliye karibu, banda lenye kivuli na nafasi, chakula cha kila siku kwa umri wote wa ndege, ambao kwa tai huweza kufika miongo kadhaa, na mrithi wa kazi siku mlezi atakapohamishwa. Entebbe, Uganda, kituo kilichoanza mwaka 1952 kama makazi ya wanyama yatima kimekuwa shule ya wanyamapori ya taifa zima. Na Mwanza, kisiwa cha Saanane kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, kisha mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Kazi za namna hii zinawezekana katika nchi zetu, alimradi pawe na taasisi ya kuzibeba.

Hadi hapo itakapopatikana, mwalimu wa sayansi mwenye kilabu cha uhifadhi cha Malihai shuleni kwake anaweza kuanza wiki hii bila ya ndege wala leseni. Chini ya dari ya jengo kuukuu, ghala au mnara ambamo bundi hulala mchana, vitonge huwa vimelala sakafuni. Viokotwe kwa mikono iliyovikwa mfuko wa plastiki, vikaushwe vizuri, vichambuliwe juu ya gazeti, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Mafuvu yabandikwe kwa gundi juu ya karatasi nyeupe, yahesabiwe, na karatasi hiyo itundikwe mahali ambapo wazazi watapita siku ya mkutano wa shule.