Ukimfuata mwenza ughaibuni, usiuache uuguzi nyumbani

Mume akipata kazi Uingereza, nyumba hujaa vigelegele. Mama mkwe anafunga unga wa muhogo na dagaa wa kusafiri nao, mashemeji wanaanza kuagiza simu, na mtaani mke anapewa jina jipya la "mama Ulaya". Kazi ya mke haizungumzwi sana. Watu wanasema yeye ni muuguzi, wauguzi wanatafutwa dunia nzima, akifika tu ataajiriwa.

Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea hesabu.

Chukua mfano wa muuguzi mkunga mwenye miaka kumi katika chumba cha kujifungulia cha hospitali ya mkoa. Mume wake ni mhandisi, na kampuni moja ya Leeds imemwajiri. Mke anaacha kazi, anagawa vyombo kwa ndugu, anafunga safari na watoto wawili. Vyeti vyake viko ndani ya bahasha ya kaki chini ya begi. Akishafika, anagundua kwamba hospitali iliyo karibu na nyumba yao ina nafasi za wauguzi, lakini yeye haruhusiwi kufanya kazi ya muuguzi hata siku moja. Jina lake halimo katika daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, maarufu kama NMC. Kwa sheria ya huko, asiyekuwemo humo hawezi kujiita muuguzi aliyesajiliwa.

Kodi ya nyumba haisubiri. Mama huyo anachukua kazi katika makao ya wazee: kuogesha, kulisha, kubadilisha shuka, kuandika taarifa. Usiku mzee mmoja anabanwa na kifua. Anajua kinachotakiwa kufanyika, maana amekifanya mara nyingi. Lakini wajibu wake sasa ni kubonyeza kengele na kumsubiri muuguzi wa zamu.

Kulea wazee si kazi ya aibu, na wengi wamejengea nyumba na kusomeshea wadogo zao kwa kazi hiyo. Shida inakuja pale kazi ya muda inapogeuka kuwa ya kudumu. Mwaka wa kwanza mama anasema atashughulikia vyeti watoto wakizoea shule. Mwaka wa pili leseni yake ya Tanzania imeisha muda. Mwaka wa tatu anaogopa mtihani, kwa sababu hajashika dripu tangu aondoke. Mume anaona mke wake amenuna na hajui sababu.

Yote haya yanaweza kuepukika, na kazi ya kuyaepuka inaanzia nyumbani, miezi kadhaa kabla ya tiketi kukatwa.

Kibali cha mume kinasemaje?

Swali la kwanza ni aina ya visa. Mwenza wa mtu aliyeajiriwa Uingereza kwa visa ya mfanyakazi mwenye ujuzi anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote, isipokuwa uanamichezo wa kulipwa. Hahitaji mwajiri wa kumdhamini. Hiyo ni nguvu kubwa, kwa sababu hospitali inayomchukua haiingii gharama wala usumbufu wa kumwombea kibali.

Lakini si kila anayekwenda anaweza kuongozana na familia. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa kigeni hawaruhusiwi kwenda na wenza wao, isipokuwa wanaosoma shahada za utafiti au waliofadhiliwa na serikali. Machi 2024 mlango ulifungwa kwa wahudumu wa wazee wanaoajiriwa kutoka nje. Julai 2025 sheria ikabanwa tena kwa waajiriwa wapya walio katika kazi za chini ya ngazi ya shahada. Kwa hiyo kabla mke hajaandika barua ya kuacha kazi, wenza wakae pamoja wasome masharti ya visa yenyewe, si maneno ya rafiki aliyekwenda miaka mitano iliyopita.

Kuna jambo jingine linalowahusu Watanzania na Waganda. Nchi hizi zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mataifa yenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa sababu hiyo, mwongozo wa Uingereza unawazuia waajiri na mawakala kuja kusaka wauguzi huku. Kenya iko tofauti kidogo, kwani mwaka 2021 ilisaini makubaliano na Uingereza kuhusu watumishi wa afya. Mtanzania hajazuiwa kuomba kazi mwenyewe, moja kwa moja. Ila wakala anayekuja Dar es Salaam au Mwanza akidai ada ya "kukuunganisha na hospitali ya Uingereza" anapaswa kuogopwa.

Muuguzi au mkunga?

Hapa ndipo wengi wanaposhtuka. Tanzania na Kenya humfundisha mtu mmoja uuguzi na ukunga, na asubuhi anaweza kuwa wodi ya watoto, usiku akapokea mtoto. Uingereza hizo ni fani mbili zenye usajili tofauti na mitihani tofauti. Hata uuguzi wenyewe umegawanywa: wa watu wazima, wa watoto, wa afya ya akili, na wa watu wenye ulemavu wa kujifunza.

Yule mama wa chumba cha kujifungulia lazima aamue. Je, aombe usajili wa ukunga, kazi aliyoifanya miaka kumi, au uuguzi wa watu wazima wenye nafasi nyingi zaidi? Uamuzi huo unabadilisha vitabu atakavyosoma, kwa hiyo usiachwe mpaka siku ya kujaza fomu.

Karatasi zinazosumbua ukiwa mbali

Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndilo linalotakiwa kuithibitishia NMC kwamba mwombaji amesajiliwa na hana kesi ya kinidhamu. Kulifuatilia ukiwa Tanzania ni safari ya Dodoma au simu chache. Kulifuatilia kutoka Leeds, kwa tofauti ya saa na gharama ya simu, ni kazi ya kumtuma mdogo wako kila wiki.

Kabla ya kuondoka, muuguzi ahakikishe leseni yake ni hai, na aendelee kuihuisha hata akiwa nje. Achukue matokeo kamili ya masomo kutoka chuoni, si cheti peke yake. Apate barua ya mwajiri inayoonyesha wodi alizofanya kazi na kwa muda gani. Achukue cheti cha polisi cha tabia njema. Kwa wanawake walioolewa, jina ni mtego wa kila siku: cheti cha chuo kina jina la baba, pasipoti ina jina la mume. Cheti cha ndoa kiwe tayari, na kama kuna herufi zinazotofautiana kati ya hati na hati, zirekebishwe nyumbani.

Kiingereza cha mtihani

Kuwa umesoma uuguzi kwa Kiingereza hakutoshi peke yake. NMC inapokea mitihani miwili. Kwenye IELTS ya kitaaluma inataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kwenye OET, mtihani uliotungwa kwa ajili ya watumishi wa afya, inataka daraja B, na C+ katika kuandika. Matokeo yanatumika kwa miaka miwili, hivyo usifanye mapema mno halafu visa ikachelewa.

Kuandika ndiko kunakowaangusha wengi. Mtu anaweza kuzungumza na daktari Mwingereza siku nzima, lakini kupanga hoja kwa dakika 40 ni zoezi la aina yake. Miezi mitatu ya kuandika kila jioni na kusahihishwa na mtu anayejua mtihani huo inaokoa ada ya kurudia.

Kwa aliyekwisha kuondoka bila mtihani huo, njia haijafungwa. Tangu Februari 2023 NMC inaweza kupokea uthibitisho wa mwajiri kuhusu Kiingereza cha mfanyakazi wake. Inamhusu aliyesoma uuguzi kwa Kiingereza katika nchi ambayo wengi wao hawazungumzi lugha hiyo, au aliyekosa alama kwa nusu tu katika eneo moja. Lazima awe amefanya kazi ya afya au malezi Uingereza kwa mwaka mmoja angalau. Hivyo ile kazi ya makao ya wazee inaweza kuwa daraja, mradi aliyeifanya anajua jambo hili na amemweleza msimamizi wake mapema.

Mitihani miwili na pesa zake

Baada ya hapo kuna mtihani wa kompyuta, CBT, wenye hesabu za dawa na maswali ya kazi. Huu hufanyika katika vituo vya nchi nyingi, na ni bora kuufanya kabla ya kusafiri, kichwa kikiwa bado na joto la wodi. Wa pili ni wa vitendo, OSCE, na unafanyika Uingereza tu. Mtahiniwa hupita vituo kumi akipimwa anavyomkagua mgonjwa, anavyopanga huduma, anavyoitekeleza na anavyoandika.

Muuguzi mzoefu anaweza kufeli OSCE kwa mambo anayoyaona madogo: hakunawa mikono kwa hatua zinazotakiwa, hakumuuliza mgonjwa jina na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kumpa dawa, hakuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mkono uliozoea kuhudumia wagonjwa 40 kwa zamu moja umejifunza njia za mkato. Mtihani huu unataka uziache.

Kwa viwango vya 2024, kukaguliwa sifa kulikuwa pauni 140, CBT pauni 83, OSCE pauni 794 na kusajiliwa pauni 153. Jumla ni pauni 1,170, kabla ya mtihani wa Kiingereza, nauli na hoteli. Hospitali za umma zinapomwajiri muuguzi kutoka nje mara nyingi humlipia OSCE. Mwenza aliyekwisha kufika anaweza kuulizia msaada huo huo: baadhi ya hospitali humchukua kama msaidizi na kumwandaa kwa mtihani. Aulize kwenye usaili, kabla ya kusaini mkataba.

Faida yake inaonekana kwenye mshahara. Katika hospitali za umma za England mwaka 2024/25, msaidizi wa ngazi ya 2 alianzia pauni 23,615 kwa mwaka, na muuguzi aliyesajiliwa wa ngazi ya 5 alianzia pauni 29,970. Tofauti hiyo inarudisha gharama zote ndani ya mwaka mmoja.

Mazungumzo ya mezani

Kinachobaki ni kigumu kuliko fomu. Huko hakuna dada wa kazi, wala bibi wa kuachiwa mtoto. Zamu ya hospitali hufika saa 12 na zaidi. Watoto wa miaka mitatu na minne wana saa 15 za chekechea bila malipo kwa wiki katika kipindi cha shule, lakini hizo hazifikii hata zamu mbili. Nani atamchukua mtoto saa tisa alasiri? Nani atapika siku mama anapokesha akisoma?

Baba watoto ambaye nyumbani hakuwahi kuosha sufuria atalazimika kujifunza, na ni vizuri alijue hilo kabla ya uwanja wa ndege. Vilevile pesa za mitihani zitajwe wazi. Kama mume amepewa fedha za kuhamia na mwajiri wake, sehemu itengwe kwa usajili wa mke, si kila kitu kiishie kwenye sofa na gari. Ndugu wanaosubiri kutumiwa nao waambiwe kwamba mwaka wa kwanza ni wa kujipanga. Na kama anayefuata ni mume muuguzi, mke akiwa ndiye aliyeajiriwa, mambo ni yale yale, tena mara nyingi yeye huona aibu zaidi kuomba nafasi ya kusoma.

Nchi nyingine zina milango yake. Ujerumani huwa inataka Kijerumani cha kiwango cha B2 na vyeti kutambuliwa na jimbo husika. Dubai inahakiki vyeti kutoka vilikotolewa, kisha kuna mtihani wa leseni. Marekani ina mtihani wa NCLEX, lakini mwenza mwenye visa ya H-4 kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi hata akiufaulu, hadi maombi ya ukaazi wa kudumu ya mwenzake yafikie hatua fulani. Ni bora kulijua hilo ukiwa bado na ajira yako ya mkoani, na ukiwa na nafasi ya kuomba likizo bila malipo badala ya kuacha kazi kabisa.

Siku ya safari, begi kubwa lenye unga na dagaa litapimwa na kupelekwa chini ya ndege. Linaweza kupotea. Bahasha ya vyeti isiwekwe humo. Ikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na pasipoti za watoto, na nakala zake ziwe kwenye barua pepe ya mke na ya mume.