Kupasha, Kukausha na Kuchoma: Udongo katika Oveni ya Mikrowevu

Makala haya yanakusudia kueleza kazi moja ya kemia ambayo haiko mbali na kazi ya mfinyanzi: kugeuza tabia ya udongo kwa joto la mikrowevu.

Yafaa kwanza tuutazame udongo wenyewe. Montmorilonaiti, udongo ulioitwa kwa jina la mji wa Montmorillon nchini Ufaransa, umejengwa kwa matabaka membamba mno, kila moja likiwa na unene wa nanometa 1 hivi, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Matabaka hayo yana chaji hasi; kwa hiyo baina yake hukaa maji pamoja na ayoni za sodiamu au kalsiamu, zenye chaji chanya. Ayoni hizo ni mfano wa wapangaji: huweza kutolewa, wengine wakaingia. Zikiingia ayoni za amonio zenye mikia mirefu ya kaboni, udongo uliopenda maji hupenda mafuta, ukafaa kunasa uchafu wa mafuta. Yakiingia makundi yenye atomi 13 za alumini kila moja, kisha yakachomwa, husimama kama nguzo, na kuacha nafasi wazi baina ya matabaka.

Kwa njia ya zamani, mchanganyiko hukorogwa kwa saa nyingi, pengine kwa siku kadhaa, na joto hupita kwanza ukuta wa chombo ndipo lifike ndani. Mikrowevu hufuata njia nyingine. Mawimbi yake, yanayotetema mara milioni 2450 kwa sekunde, huzitikisa molekuli za maji moja kwa moja, na joto huzaliwa ndani ya uji wa udongo wenyewe. Ndiyo maana kazi ya saa nyingi yaweza kukamilika kwa dakika chache.

Hata hivyo, huo si uganga. Yanayopokea mawimbi hasa ni maji na ayoni zilizomo. Udongo ukikauka, hupokea kidogo tu. Tena joto laweza kutofautiana, upande mmoja ukichemka na wa pili ukibaki vuguvugu. Mtafiti anayelinganisha njia hizi mbili bila kupima joto kwa makini ataona muujiza pasipo na muujiza.

Mfinyanzi anajua tangu zamani kwamba chungu kibichi kikitiwa motoni hupasuka, maana maji yaliyofungwa ndani hugeuka mvuke. Kwa hiyo hukausha kwanza, ndipo achome. Kiswahili nacho hutenga vitendo hivyo: kupasha moto, kukausha, kuchoma. Mwanafunzi akishika tofauti hiyo, ameshika kiini cha somo: mikrowevu hupasha na kukausha kwa haraka, lakini kuchoma nguzo za alumini, kwa joto la nyuzi mia kadhaa, kwa kawaida kumebaki kazi ya tanuri.