Simu Chini ya Mto: Wanafunzi Wasiolala wa Rubavu

Rubona, kilometa chache kusini mwa Gisenyi, ni mahali pa wavuvi na wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Bralirwa. Usiku taa za wavuvi wa sambaza huonekana ziwani. Siku hizi zipo taa nyingine zisizozimika hadi alfajiri, nazo ni simu za vijana wetu wanaosoma vyuo vikuu.

Niliwafundisha wengi wao sekondari, na bado hunitembelea. Malalamiko yao ni yale yale: kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, ukurasa mmoja unasomwa mara nne bila kushika kitu. Nikiwauliza walilala saa ngapi, hucheka.

Wapo wazee wanaosema ni kupenda anasa tu, kutazama watu wanaojirusha Dubai. Lipo hilo. Lakini hapa kwetu kuna zito zaidi. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na matetemeko yakapasua nyumba za Gisenyi, simu zilijaa uvumi kwamba gesi ya Ziwa Kivu nayo ingelipuka. Haikulipuka. Tarehe 27 Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Goma na makombora yakaua watu hadi upande wetu, video za maiti zilizagaa. Binti mmoja wa mwaka wa pili aliniambia: “Mwalimu, nikifumba macho naziona. Nikifumbua, natafuta nyingine.”

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la wanafunzi 143. Waliowekewa kikomo cha dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, yaani Facebook, Instagram na Snapchat, walipungukiwa na upweke na huzuni baada ya wiki tatu.

Basi wazime, utasema. Nani azime simu jirani na volkano hai? Kwetu simu ndiyo mbiu ya mgambo.

Mimi nilisomea ukimbizini, Karagwe, Tanzania. Mwaka 1994 wazee wetu walikusanyika kwenye redio moja saa mbili usiku, wakasikiliza habari za Rwanda, kisha ikazimwa, maana betri zilikuwa ghali. Habari zenyewe zilikuwa za kutisha mno. Lakini zilikuwa na saa yake, na aliyelia alilia katikati ya watu.

Binti yule na wenzake watano waliopanga nyumba moja mjini wameanza zamu. Habari husomwa pamoja jioni, kisha simu tano huzimwa na moja hubaki ikiita kwa mwenye zamu. Likitokea la kweli, atagonga milango. Mmoja alikataa mwanzoni, akisema hawezi kumwachia mwenzake kukesha kwa niaba yake. Simlaumu.

Aliyezidiwa asingoje zamu. Aende kituo cha afya, au apige 114, namba ya bure ya huduma za afya.