Hedseti ya Rubani Huzima Kelele Gani?

Injini ya Cessna 172 ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, propela yake ya mapanga mawili hukata hewa mara 80 kila sekunde. Ngurumo hiyo, pamoja na upepo, huweza kufikisha kelele ndani ya ndege desibeli 90 na zaidi. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri mtu asipitishe saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila zinapoongezeka 3 muda huo ukatwe nusu. Zikifika 94, ni saa moja tu.

Hedseti za kawaida, mfano H10 za David Clark, hukinga kwa kuziba sikio. Sauti nyembamba huzikata vizuri. Ngurumo ya propela ni kazi nyingine: wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 4, na kikombe cha plastiki hakilizuii sana. Hapo ndipo hedseti zenye mfumo wa kuzima kelele, kama Bose A30 au Lightspeed Zulu, zinapoonyesha thamani yake. Maikrofoni ndogo huinasa ngurumo, kisha spika hutoa wimbi la kinyume. Moja likisukuma hewa, jingine huivuta, na kelele hupungua. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya wazo hili Marekani mwaka 1936.

Ila sauti nyembamba hubadilika haraka kuliko mbinu hiyo inavyoweza kufuata, kwa hiyo mto wa sikio bado lazima uzibe sawasawa. Miwani yenye mikono minene huacha upenyo. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kwanza, kabla ya bei: ijaribu ukiwa na miwani yako, injini ikiwaka. Betri zikiisha, unabaki na ule mto tu.

Kinga hiyo ni muhimu kwa sababu seli za kusikia zikifa kwa kelele hazioti tena. Uharibifu huanzia karibu na hezi 4,000, na taratibu konsonanti kama s na f hupotea. Rubani anamsikia mwongoza ndege lakini maneno hayakamatiki.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, imewahi kutahadharisha kwamba hedseti za kuzima kelele zinaweza kufifisha ving'ora. Honi ya Cessna 172, inayolia mbawa zinapokaribia kushindwa kuibeba ndege, husikika hewani, haipiti kwenye hedseti. Ukinunua mpya, panda na mwalimu mfanye zoezi la kuifikisha ndege karibu na hali hiyo, uijue honi inavyosikika ukiwa umeivaa.