Uliyeishi Nakivale, umewahi kuiona Mbarara?

WENGI waliokulia Nakivale wanaijua Mbarara kwa mambo matatu tu: hospitali, stendi na maduka ya jumla. Mfanyabiashara anayevukia Murongo au Mutukula naye hushusha mzigo, akahesabu fedha zake, akaondoka. Safari hii jaribu kuja bila mzigo.

Anzia Biharwe, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Masaka. Hapo kuna kituo cha utamaduni cha Igongo chenye makumbusho ya maisha ya Ankole, na karibu yake kilimani umesimama mnara wa kupatwa kwa jua, uliozinduliwa mwaka 2014. Simulizi ya pale ni tamu. Mwaka 1520 Omukama Olimi wa Bunyoro alikuwa akirudi kwao na ng'ombe aliowateka, mara mchana ukageuka usiku. Jeshi likatimua mbio, ng'ombe wakabaki, na Wanyankole wakasema wameshushiwa kutoka mbinguni.

Chakula cha mchana kiwe matoke na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli. Usishangae ukiletewa wa baridi, ndivyo unavyoliwa.

Alasiri ingia mjini taratibu. Mbarara ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, lakini bado unaweza kuizunguka kwa miguu. Mtanzania wa Kagera akumbuke kwamba majeshi ya nchi yake yaliuteka mji huu mwaka 1979, na majengo mengi yakabomolewa vitani. Kilima cha Kamukuzi kilikuwa makao ya Omugabe wa Ankole. Falme zilifutwa mwaka 1967. Buganda, Bunyoro na Toro zikarudishwa baadaye, Ankole haikurudishwa. Ukitaka kuona wenyeji wakibishana, uliza kwa nini.

Kabla ya kupanda teksi ya Nakivale, pita sokoni. Sukari, mchele, sabuni. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja wa Uganda kwenye mgao, hivyo usimwendee mwenyeji wako mikono mitupu.

Lami ikiisha, vumbi lile lile linakupokea. Makazi haya ya tangu mwaka 1958, yaliyoanza na Wanyarwanda, leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Piga simu mapema, maana si wote utakaowakuta. Wapo waliokwenda Marekani na Kanada. Wapo pia waliokwisha kufanyiwa mahojiano wakingoja ndege, kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Hao usiwaulize habari za safari. Wakitaka watakueleza wenyewe.

Wewe uliyerudi kwenu ndiye utakayeulizwa zaidi. Shamba lile nani analima? Usiku watu wanalala? Watoto waliosoma Uganda wanapokelewa shuleni? Jibu polepole, kwa yale uliyoyaona kwa macho yako. Kuna baba pale atakayefungasha virago kwa neno lako, au atakayebaki miaka mitano zaidi kwa neno hilo hilo. Kama kijiji chake hukufika, mwambie hukufika.

Chai ya maziwa ikiletwa mara ya pili, mazungumzo yatakuwa yamehamia kwa nani kaoa na nani kajifungua.